Lin Yutang, Aliyewavusha Wahenga wa Uchina

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

Mwaka huu mwalimu mlezi wa chama alituambia kila anayetaka kuandika achague mtu mashuhuri aliyekwisha aga dunia, kisha asimulie maisha yake. Wengi walikimbilia wanasiasa na mashujaa wa vita. Mimi nimemchagua mtu ambaye huenda wengi wenu hamjamsikia kabisa, Mchina mmoja kwa jina Lin Yutang.

Sababu yangu ni hii. Sisi katika chama hiki tunapenda methali kama samaki apendavyo maji. Lakini je, ndugu msomaji, umewahi kuchukua methali ya lugha moja ukajaribu kuipeleka katika lugha nyingine? Jaribu leo uone cha mtema kuni. Ukiitafsiri neno kwa neno, watu wanakucheka. Ukibadilisha maneno yote ili isikike vizuri, unajiuliza kama hiyo bado ni methali ya kwenu ama umeitupa njiani. Lin Yutang alipambana na jambo hilo tangu ujana wake hadi uzeeni, kati ya Kichina na Kiingereza, lugha mbili zilizo mbali kama mbingu na ardhi.

KUZALIWA NA MALEZI

Lin Yutang alizaliwa tarehe 10 Oktoba 1895 katika kijiji cha Banzai, mkoa wa Fujian, kusini mwa Uchina. Kijiji chenyewe kilizungukwa na milima, na hata alipokuwa mzee anayeishi katika miji mikubwa ya dunia aliendelea kuisifu milima hiyo. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kanisa la Presbiteri. Alikuwa ameonja umaskini utotoni, akichuuza vitu vidogo vidogo ili apate riziki, kwa hivyo aliapa kwamba wanawe watasoma hata kama yeye atabaki bila kitu. Akakopa huku na kule ili kuwalipia wavulana wake karo.

Nimesema wavulana. Dada yake Lin wa pili alipenda masomo vile vile, lakini pesa hazikutosha, na siku hizo pesa zikipungua aliyeachwa nyuma ni msichana. Ikabidi aolewe. Lin alipokuwa akienda kuanza masomo ya chuo huko Shanghai, akiwa kijana wa rika letu hivi, dada huyo alimpa senti arobaini alizokuwa nazo. Akamsihi asome kwa bidii na awe mtu wa maana, maana yeye kama msichana hakupata nafasi hiyo. Muda si muda baadaye, ugonjwa wa tauni ukamwua dada yule akiwa mja mzito. Lin hakuisahau zawadi hiyo maishani mwake, na aliisimulia hata uzeeni. Mimi nilipoisoma habari hii nilifunga kitabu kwanza, nikakaa kimya.

AIBU YA BEIJING

Chuo alichosomea Shanghai kiliitwa St. John's, na kilikuwa cha wamisionari. Kiingereza ndicho kilichokuwa mfalme pale. Lin alikinywa Kiingereza kama maziwa na akamaliza masomo yake mwaka 1916 akiwa miongoni mwa wanafunzi bora. Kisha akaenda Beijing kufundisha Kiingereza katika chuo cha Tsinghua.

Huko Beijing ndiko mambo yalikomgeukia. Aligundua kwamba anajua hadithi ya Biblia ya Yoshua na tarumbeta zilizoangusha kuta za Yeriko, lakini hajui hadithi ya Meng Jiangnü, yule mke wa ngano za Kichina aliyemlilia mumewe hadi sehemu ya Ukuta Mkuu wa Uchina ikaporomoka. Hadithi hiyo hata mtoto mdogo wa Kichina huijua! Yeye, mwalimu, msomi, hakuwa amepata kuisikia vizuri. Shule zake zilikuwa zimemfundisha ya watu na kumnyima ya kwao. Aliona haya sana na vile vile akakasirika.

Badala ya kulia, akajifunga kibwebwe. Akawa kiguu na njia katika maduka ya vitabu vikuukuu ya mtaa wa Liulichang, akiwauliza wauza vitabu maswali bila kujionyesha kwamba hajui. Akasoma riwaya ndefu iitwayo Ndoto ya Jumba Jekundu ili asikie vile watu wa Beijing wanavyozungumza hasa, pamoja na misemo yao, matani yao na matusi yao.

Wenzangu, jambo hili halikunipita hivi hivi. Shule ya msingi niliyosoma, ambayo sitaitaja jina, aliyesikika akiongea lugha ya mama alivishwa kibao shingoni, tukakiita diski. Nilikivaa mara nyingi hata sikumbuki idadi. Leo nyanya yangu akitoa methali kwa Kikamba, nashika nusu, nusu ile nyingine inapita juu ya kichwa changu kama ndege. Nyanya ana umri mkubwa na methali zake hazijaandikwa popote. Kwa hivyo habari ya Lin na ukuta ule mimi naielewa bila kufafanuliwa.

NG'AMBO NA KURUDI

Mwaka 1919 Lin alimwoa Liao Cuifeng, binti wa tajiri, na wawili hao wakafunga safari kwenda Marekani, Lin akasome katika Chuo Kikuu cha Harvard. Inasimuliwa kwamba walichoma cheti chao cha ndoa, kwa kuwa waliona cheti hicho humfaa tu mtu anayetaka talaka. Na kweli hawakuachana hadi kifo.

Pesa za ufadhili zilikatwa kabla hajamaliza. Akaenda Ufaransa kuwasaidia vibarua Wachina waliokuwa wamepelekwa huko wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, kisha akaenda Ujerumani ambako maisha yalikuwa rahisi zaidi. Mwaka 1923 akapata shahada ya udaktari katika chuo cha Leipzig, katika elimu ya lugha ya Kichina. Katika dhiki hiyo aliandika barua nyumbani akiomba msaada kwa msomi mwenziwe Hu Shi, na pesa zikaja. Lin alidhani zimetoka katika Chuo Kikuu cha Beijing. Aliporudi kushukuru ndipo akaambiwa kwamba zilitoka mfukoni mwa Hu Shi mwenyewe, ambaye hakutaka kusifiwa. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Mwaka 1924 Lin alifanya jambo dogo ambalo Wachina wanalitumia hadi leo. Alitaka kuwaeleza wenziwe ule ucheshi wa Kizungu, ule wa kutabasamu bila kumwumiza mtu. Akatafuta neno la Kichina, akaona hakuna linalotosha. Basi akachukua sauti ya neno la Kiingereza akaliandika kwa herufi za Kichina: youmo. Neno likakubalika na limo katika kamusi zote za Kichina. Hapo tunajifunza kwamba mtafsiri mzuri hafanyi kazi kwa njia moja tu. Akipata pacha wa neno, anamtumia. Asipompata, anakopa sauti, kama Kiswahili kilivyokopa shule na baiskeli.

KANUNI ZAKE ZA TAFSIRI

Sasa tuingie jikoni kwenyewe. Mwaka 1898 mtafsiri mwingine wa Kichina, Yan Fu, alikuwa ameweka nguzo tatu za tafsiri: uaminifu, kueleweka na umaridadi. Mwaka 1933 Lin naye akaandika makala ndefu kuhusu kazi hii. Alisema mtafsiri ana madeni matatu. Ana deni kwa mwandishi, kwa hivyo awe mwaminifu. Ana deni kwa msomaji, kwa hivyo lugha itiririke. Na ana deni kwa sanaa, kwa hivyo kazi iwe na uzuri. Kisha akaongeza jambo ambalo ndilo kiini cha mambo yote: usitafsiri neno moja moja, tafsiri sentensi nzima. Neno likiwa peke yake ni kama samaki nje ya maji. Soma sentensi yote, uielewe, kisha uiseme upya vile mwenye lugha ile nyingine angeisema.

Si wote waliokubaliana naye. Lu Xun, mwandishi mkubwa wa Kichina wakati huo na ambaye zamani alikuwa rafiki yake, alipendelea tafsiri ngumu inayofuata maneno ya asili, hata kama msomaji atasumbuka. Yeye aliona kwamba lugha ya kigeni ikibaki na ugeni wake, Kichina kitapata njia mpya za kufikiri. Mwishowe marafiki hawa wakakosana, si kwa tafsiri pekee bali pia kwa siasa. Lu Xun hakuona vipi mtu atahubiri ucheshi wakati nchi inavamiwa na Wajapani.

Ili tuelewe ugumu wenyewe, hebu nichukue mifano michache ya misemo ya Kichina. Mifano hii nimeichambua mimi kwa kufuata kanuni za Lin.

Wachina husema farasi farasi, simbamarara simbamarara. Ukitafsiri hivyo, Mwingereza atadhani uko mbugani. Maana yake ni hivyo hivyo tu, si vizuri wala si vibaya. Hapa wanyama lazima waachwe nyuma, la sivyo hakuna atakayeelewa.

Wachina husema pia kumpigia ng'ombe zeze. Wanasimulia juu ya mwanamuziki wa kale aliyempigia ng'ombe muziki mtamu, lakini ng'ombe akaendelea kula nyasi zake. Mwingereza ana msemo wake aliouchukua katika Biblia, kuwatupia nguruwe lulu. Na sisi je? Si tunasema kumpigia mbuzi gitaa! Yaani Mchina na Mswahili wamekutana bila hata kusalimiana. Lakini angalia vizuri. Lulu za Mwingereza zinaonyesha hasara ya kitu cha thamani. Zeze la Mchina humcheka pia yule mpigaji ambaye hakuangalia anampigia nani. Mtafsiri akichagua lulu, sehemu ya kicheko inabaki mtoni.

Msemo mwingine ni kwamba ukiingia kijiji fuata desturi zake. Mwingereza atasema ukiwa Roma fanya kama Warumi. Sisi tutasema ukenda kwa wenye chongo vunja lako jicho. Hapa pacha ni pacha kweli, mtafsiri achukue tu bila wasiwasi.

Sasa mtego. Wachina husema kondoo akipotea, karabati zizi. Mwanafunzi mwenye haraka atarukia methali ya Waingereza ya kufunga mlango wa zizi baada ya farasi kutoroka. Zizi lipo, mnyama katoroka, si ndiyo hiyo? Hapana! Methali ya Waingereza inasema umechelewa, kazi bure. Ya Wachina inasema bado hujachelewa, tengeneza zizi ili waliobaki wasipotee. Maneno yanafanana, maana zinapigana. Pacha wake wa kweli kwetu ni kawia ufike. Ukiweka majuto ni mjukuu umemgeuza mhenga wa Kichina kuwa mwongo. Lin aliposema tafsiri sentensi nzima, nadhani mitego kama huu ndiyo aliyokuwa akituepusha nayo.

Na mwisho kuna ile ya kuchora nyoka kisha ukamwongezea miguu, yaani kuharibu kitu kilichokamilika kwa kukizidishia. Hiyo mimi nisingeibadilisha hata kidogo. Kila mtu duniani anajua nyoka hana miguu. Picha inajieleza, basi iache ipite na nguo zake za Kichina.

VITABU VILIVYOTIKISA MAREKANI

Huko Shanghai Lin alianzisha jarida la ucheshi mwaka 1932, na vitabu vyake vya kufundishia Kiingereza shuleni vikampatia pesa nzuri. Mwandishi Mmarekani Pearl Buck, aliyekulia Uchina, akamhimiza aandike kitabu cha Kiingereza kuhusu nchi yake. Kitabu hicho, My Country and My People, kilitoka mwaka 1935 na kikachapwa tena na tena. Mwaka 1936 Lin alihamia Marekani pamoja na mkewe na binti zao watatu. Mwaka 1937 akatoa The Importance of Living, kitabu kuhusu sanaa ya kuishi bila pupa, nacho kikawa miongoni mwa vitabu vilivyonunuliwa sana Marekani mwaka 1938. Mwaka huo huo wa 1938 alitoa kitabu cha hekima ya Confucius kwa Kiingereza. Baadaye mwaka 1948 akafanya vivyo hivyo kwa Laozi.

Mtaniuliza, kuna ubaya gani mtu akitafsiri methali vibaya? Wanacheka tu, yanaisha. Sivyo. Katika miaka ya 1930 Wamarekani walikuwa na sinema za mpelelezi Mchina aitwaye Charlie Chan. Katika zile zilizovuma zaidi miaka hiyo, aliyemwigiza ni mzungu aliyejipodoa. Kila mara alitoa methali kwa Kiingereza kilichovunjika, na nyingi zilikuwa za kubuniwa tu. Kulikuwa na mchezo pia wa kutunga vichekesho na kumsingizia Confucius. Wakati huo huo sheria ya Marekani ilikuwa ikiwazuia Wachina kuhamia huko, na haikufutwa hadi mwaka 1943. Mtu akisikika daima kama kichekesho, ni rahisi kumfungia mlango. Lin aliwapa wahenga wa Uchina Kiingereza safi, kilichonyooka na chenye tabasamu, na msomaji wa New York akajikuta anamsikiliza Confucius kama anavyomsikiliza babu yake.

Hata hivyo tusimpake mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Wako waliomlaumu Lin kwamba aliilainisha Uchina mno, akawaonyesha wageni chai, bustani na hekima huku akiacha njaa na taabu za wakulima pembeni. Lawama hiyo ina uzito. Tafsiri inayoteleza sana inaweza kumfanya msomaji asahau kwamba amevuka bahari.

MASHINE NA KAMUSI

Kwa miaka mingi Lin aliota mashine ya kupiga chapa ya Kichina. Kichina kina maelfu ya herufi, sasa utaziweka wapi zote? Mwaka 1947 akaikamilisha mashine yenye vibonye 72 tu, akaiita Mingkwai, yaani wazi na haraka. Lakini ilikuwa imemla kiasi cha dola 120,000, akabaki na madeni. Siku ya kuionyesha kwa kampuni kubwa ikakataa kufanya kazi. Ilitengenezwa ikafanya kazi, lakini haikuwahi kuundwa kwa wingi. Wengi walidhani imepotea kabisa, hadi ilipopatikana katika nyumba moja huko New York, na mwaka 2025 ikachukuliwa na Chuo Kikuu cha Stanford ihifadhiwe.

Baada ya mashine hiyo alifanya kazi UNESCO huko Paris, kisha mwaka 1954 akaenda Singapore kuongoza chuo kipya, akaondoka mwaka uliofuata baada ya mzozo. Mwaka 1966 akahamia Taiwan. Hapo, akiwa na miaka zaidi ya sabini, umri ambao wazee wengi huota jua, alianza kazi nzito kuliko zote: kamusi ya Kichina na Kiingereza. Aliifanyia kazi chini ya Chuo Kikuu cha Kichina cha Hong Kong, akiandika kwa mkono wake, akieleza maneno vile yanavyotumika katika misemo ya watu na kutafuta Kiingereza ambacho Mwingereza angekisema kweli. Mwaka 1971 alifiwa na binti yake mkubwa, pigo lililomvunja moyo. Hata hivyo kamusi ilitoka mwaka 1972.

Lin Yutang aliaga dunia Hong Kong tarehe 26 Machi 1976, akiwa na umri wa miaka 80. Alizikwa nyuma ya nyumba yake katika mlima wa Yangmingshan, Taipei. Nyumba hiyo sasa ni makumbusho.

MAFUNZO TUNAYOPATA

Kwanza, huwezi kuivusha methali ambayo mwenyewe hukuielewa. Lin alianza kwa kujifunza ya kwao, ndipo akawa daraja. Pili, kufanana kwa maneno si kufanana kwa maana, kumbukeni kondoo na farasi. Tatu, senti arobaini za mtu aliyekosa nafasi zinaweza kufika mbali kuliko yeye mwenyewe alivyofikiri.

Nina ombi kwa chama. Kila mwanachama na alete methali tano za lugha ya kwao, iwe Kikamba, Kitaita, Kiluhya, Kimijikenda ama nyingine yoyote. Aandike kwanza maneno yenyewe, halafu maana, halafu pacha wake kwa Kiswahili kama yuko. Asipokuwepo, tuiache methali ipite na nguo zake. Daftari moja la chama litatosha kuanzia. Mimi zangu tayari nimeanza kumwuliza nyanya, na nyingine ananirudia mara tatu ndipo nashika. Wazee wetu hawatatungoja, na chelewa chelewa utampata mwana si wako.

Kiswahili kitukuzwe!